Erma Hertzog na Majibu Matatu

Erma Hertzog alikuwa na chuki moja tu maishani mwake, lakini hiyo moja aliitunza kwelikweli. Wengine hapa Lengeltown huchukia watu kumi kwa mwaka, na kufika Pasaka wameshawasahau wote, wanapeana mikono kanisani kana kwamba hakukutokea kitu. Yeye alimchukia Mwalimu Strausser tangu mwaka 1941. Mwalimu alipokufa, mzee wa kuheshimiwa, bendera ikashushwa nusu mlingoti, Erma alikwenda mazikoni, akala viazi na nyama ya nguruwe kama watu wengine, akarudi nyumbani na chuki yake ikiwa nzima. Kilichomuudhi ni kwamba mtu mwenyewe ameponyoka.

Kwa nje usingejua. Alikuwa mjane mfupi, mpana, aliyeshona mashati kiwandani miaka thelathini na mitano mpaka kiwanda kikafungwa. Alikuwa na watoto wawili waliohamia mbali, bustani ya kabichi, na paka. Alikuwa na Kidachi pia. Nasema kile Kidachi chetu, cha mababu waliotoka Ujerumani na kulima mabonde haya ya Pennsylvania kabla nchi haijapata hata jina la Marekani. Hakuna aliyebaki aliyekisema kama Erma. Mumewe alipokuwa hai walikuwa wakigombana kwa Kidachi na kupatana kwa Kidachi, na majirani walisimama uani kusikiliza tu, kwa utamu wake.

Chuki ilianzia kwa mdogo wake, Elwood. Mtoto huyo aliingia shule ya kilimani akiwa na miaka saba, na Kiingereza hakijui hata cha kuombea maji. Angekijulia wapi? Kwao shambani hata ng'ombe walifokewa kwa Kidachi. Mwalimu Strausser naye alikuwa mtu wetu, mama yake mzazi alikufa bila kujua Kiingereza. Lakini alikuwa amekwenda chuoni, na akarudi ameapa kwamba darasani kwake watoto watakuwa Wamarekani, watake wasitake. Kila neno la Kidachi, rula kwenye vidole. Erma alikuwa na miaka tisa, akajifunza upesi kuwaiga wengine. Elwood alinyamaza tu. Kufika Krismasi alikuwa hasemi na mtu yeyote pale shuleni, kwa lugha yoyote ile.

Ndipo akaja daktari wa wilaya na makaratasi yake. Akamsimamisha Elwood mbele ya darasa, akamuuliza kwa Kiingereza ng'ombe ana miguu mingapi. Anamuuliza nani, mtoto anayekamua ng'ombe wanne kila asubuhi kabla ya shule! Elwood akamtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa amesimama palepale, hatua mbili, na angeweza kumgeuzia swali lile kwa Kidachi, kwa maneno matano. Hakumgeuzia. Daktari akaandika kwamba mtoto ni punguani, mwalimu akatia sahihi, na baba yao, ambaye hakuweza kuisoma karatasi ile, akatia alama yake chini akidhani ni ya chanjo. Februari wakaja kumchukua. Wakampeleka kwenye nyumba ya wapungufu wa akili, maili sitini kutoka hapa, na huko akakaa miaka kumi na tisa mpaka nimonia ilipomwondoa.

Erma alikuwa akienda kumwona kwa basi, mara mbili kwa mwaka. Wauguzi walimwambia asitegemee mengi, kwa kuwa mdogo wake hana maneno, anatoa sauti tu. Elwood alikuwa akiwauliza habari za ng'ombe wa nyumbani, mmoja mmoja kwa jina lake.

Ndiyo maana Erma hakuwafundisha wanawe Kidachi. Mtu akimuuliza alijibu kwamba hakuwa na nafasi, kazi za kiwandani zilimchosha. Uongo mtupu. Aliogopa.

Sasa niwaambie habari za chama, kwa sababu bila hicho haya yasingetokea. Wanaume wa kwetu wana chama chenye jina la yule mnyama mnene wa manyoya anayechimba mashimo na kututafunia bustani. Kwa Kidachi tunamwita nguruwe wa ardhini. Kila Aprili tunafanya karamu kwenye ukumbi wa zimamoto, na mnyama mwenyewe, aliyekaushwa, anawekwa meza kuu na kofia kichwani. Sheria ni moja: Kiingereza marufuku. Ukitamka neno moja la Kiingereza unatoa robo dola, unatumbukiza kwenye kopo. Wazee walianzisha utaratibu huo ili lugha isife, lakini mwaka huu ninaousimulia, 2006, kati ya watu mia tatu waliojaa ukumbini, wenye kukisema sawasawa hawakufika arobaini, wazee watupu, wengi wao kutoka mabonde ya mbali. Waliobaki walicheka wenzao walipocheka, na walilipa. Kopo lilibebwa na Erma. Wanawake walikuwa wakiishia jikoni, ila yeye wanaume walimtoa jikoni wenyewe kwa ajili ya sikio lake, maana hakuna neno la Kiingereza lililompita, hata likisemwa mdomo ukiwa umejaa kabichi.

Lamar Strausser, mtoto wa mwalimu, alikuwa mmoja wa wale wa kucheka na kulipa. Alikuwa na duka la matrekta, alikuwa diwani, na kwa miaka ishirini alitamani kuwa mkuu wa chama. Ukuu ule hauna mshahara wala cheo nje ya ukumbi, lakini kwa mtu wa kwetu ni kitu kikubwa, picha yako inatundikwa ukutani hadi mwisho wa dunia. Anayeutaka husimama, huulizwa maswali matatu na waliomo ukumbini, huyajibu kwa Kidachi, kisha mikono inanyooshwa. Kila mtu anajua kwamba maswali hupangwa na marafiki kabla. Hata hivyo lazima majibu uyakariri, na Lamar hakuwa na Kidachi cha kukariria.

Machi ya mwaka huo Lamar alipeleka hoja kwenye baraza la mji. Watu kutoka Jamhuri ya Dominika walikuwa wamejaa mjini kwa kazi za kiwanda cha kuku, na karani wa baraza alikuwa ameanza kuwatolea fomu za kodi na matangazo ya maji kwa Kihispania. Lamar alitaka yakome. Shughuli zote za mji ziwe kwa Kiingereza peke yake, lugha rasmi, basi. Alisema nchi iliyokusanya watu wa kila aina haiwezi kusimama bila lugha moja ya kuwashika pamoja, kwamba Washington wamelala na ni sisi wadogo tutakaowaamsha. Watu walimpigia makofi. Na mimi nilipiga, sioni haja ya kuficha.

Mama mmoja wa Kidominika, Yudelka Batista, jirani yake Erma, alisimama kujibu. Alisema kwa Kiingereza kizuri tu kwamba yeye mwenyewe hana shida, alijifunza baada ya zamu. Shida ni mama yake wa miaka sabini na minne, anayetaka kujua ni siku gani maji yatakatwa ili ajaze ndoo. Je, hilo nalo linaibomoa nchi?

Lamar alimjibu kwa upole. Hakuwa mtu wa matusi.

"Mama, babu zetu hawakutafsiriwa kitu. Hakuna aliyewalazimisha. Walijifunza Kiingereza kwa kupenda."

Erma alikuwa ameketi nyuma kabisa, kwenye kiti cha kukunja, na mkoba mapajani. Si kwamba aliwapenda sana hao Wadominika. Alishalalamika mara ngapi juu ya muziki wao. Lakini maneno yale mawili, kwa kupenda, yalimpanda kichwani kama moto wa petroli. Akayasikia kwa sauti ya yule mwingine, baba mtu. Akasema moyoni, basi hajaponyoka, huyu hapa, ameniachia mwanawe. Yudelka alipompelekea karatasi ya kupinga hoja mlangoni, akamkatalia kutia sahihi. Alimwambia hana imani na makaratasi.

Wiki hiyohiyo Lamar alibisha hodi kwake, kofia mkononi.

"Bi Erma, nimekuja kukuangukia," alisema. "Nisaidie na majibu yangu matatu. Mimi kichwa changu kizito, lakini nikifundishwa nafundishika."

Mtu mwingine angemfungia mlango usoni. Erma alimkaribisha, akampa kahawa na kipande cha pai ya molasi. Wakapanga wote wawili, hapo mezani, maswali ya kawaida kabisa. La kwanza, je, chama kitapata wanachama wapya? La pili, nani amekupa Kidachi chako? La tatu, unajisikiaje kuwa mtu wa kabila letu? Kisha akamwandikia majibu kwa herufi kubwa. Alipendekeza kwamba maswali ayaulize yeye mwenyewe, kwa kuwa sauti yake Lamar ameshaizoea, asije akababaika. Lamar nusura ambusu mkono.

Alikuja mara sita. Alikuwa mwanafunzi mzuri, hilo Erma alilikiri, na ulimi wake ulikuwa unaangukia mahali pake bila kusukumwa, kama ulimi wa mtu aliyezaliwa nacho. Karatasi aliipeleka kwa mzee Warren Bieber, mkuu aliyekuwa anaondoka, naye akamhakikishia kwamba ni Kidachi safi kisicho na doa. Na kweli kilikuwa safi. Erma hakuchezea hata neno moja la majibu.

Siku ya karamu watu walishiba mpaka wakafungua vifungo. Tuliimba, tukamwapia mnyama wetu, mchekeshaji akatuchekesha. Kisha Warren akamwita Lamar mbele, akauliza nani ana swali. Erma alikuwa ameshasimama, kopo mkononi, anatabasamu.

Akauliza kwa Kidachi, taratibu, kwa sauti ileile ya jikoni kwake: "Lamar, ng'ombe ana miguu mingapi?"

Lamar akainua kidevu, akajibu alivyofundishwa: "Mungu akipenda, mwakani tutapata zaidi."

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga meza, wengine machozi yaliwatoka, hata wasioelewa wakacheka kwa kuona wenzao wanavyocheka. Lamar naye akacheka, akiamini amependeza. Warren alikuwa ameanza kuinuka, uso umemgeuka, maana yeye alikumbuka majibu yaliyofuata na akaona yanakoelekea.

"Kaa, Warren," Erma alimwambia, na Warren akakaa.

Akauliza la pili. "Nani alimpeleka mdogo wangu Elwood kwenye nyumba ya wendawazimu, mtoto wa miaka saba, kwa sababu hakujua Kiingereza?"

"Marehemu baba yangu," alisema Lamar, mkono kifuani, "mwalimu wa shule ya kilimani."

Wale arobaini wenye lugha wakanyamaza. Baadhi yao walikaa darasa moja na Elwood. Ukimya ukatoka kwao ukaenda meza hadi meza, mpaka vijiko vikawekwa chini. Mimi nilikuwa karibu na mlango wa jikoni, na ninawaambia, hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Na wewe, mtoto wake," Erma aliuliza, na sasa hakuwa anatabasamu, "na hiyo sheria yako, huoni haya?"

"Najivunia kwa moyo wangu wote," alijibu Lamar Strausser, "na sitachoka kamwe."

Akasubiri makofi. Alitamka vizuri, kila neno mahali pake, na alijua hivyo. Alitutazama upande huu, akatutazama upande ule. Jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo. Akamgeukia Warren, Warren akainamisha kichwa. Mwishowe akamuuliza Erma, kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo sana, "Nimesema nini?"

Erma akamnyooshea kopo.

Na Lamar akatoa. Alipapasa mfukoni, akatumbukiza sarafu mbele ya watu mia tatu, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyefungua kinywa kumweleza. Erma alimtazama mpaka alipomaliza. Alikuwa na miaka sabini na minne, na miguu ilikuwa inamuuma, lakini baadaye alimwambia Warren kwamba hakuwahi kujisikia mzima wa mwili kama dakika ile. Mikono haikunyooshwa. Lamar alitoka kwa mlango wa nyuma bila koti lake.

Jumatatu baraza lilikaa kupiga kura. Mngedhani, baada ya ukumbi kunyamaza vile, hoja ingekufa. Thubutu! Mikono minne ilinyooshwa kuunga mkono, na mitatu kati ya hiyo ni ya watu waliokuwa karamuni, waliosikia na kuelewa kila kitu. Mmoja wao nilimwona kwa macho yangu akitokwa na machozi Elwood alipotajwa. Wawili walipinga. Lamar mwenyewe, mwenye hoja yake, aliweka mikono yake mezani na hakuinyoosha upande wowote. Sheria ikapita. Karani akaondoa fomu za Kihispania dirishani asubuhi iliyofuata.

Yudelka alimkuta Erma akitoka mkutanoni.

"Mama, nimesikia ulichomfanya yule bwana," alisema. "Nilikuwa nataka nikushukuru."

"Usinishukuru. Mimi nilikuwa na langu."

"Ehe," Yudelka akasema, akimtazama. "Langu limeanguka leo kwa kura nne. Usiku mwema, mama."

Hilo lilimuuma Erma kidogo, kwa sababu lilikuwa kweli. Kama angetia sahihi, kama angesimama pale barazani siku ya kwanza akawasimulia habari za Elwood kwa Kiingereza, huenda mkono mmoja au miwili ingeshuka. Lakini hakutaka kuwabadili watu mawazo. Alitaka kumwona mmoja wao amesimama mbele ya wenzake bila neno, na alikuwa amemwona.

Siku mbili baadaye Lamar alibisha hodi. Safari hii hakukaribishwa ndani. Walisimama mlangoni, yeye kwenye baraza ya nyumba, Erma kwenye kizingiti na mkono kwenye kitasa.

"Warren amenitafsiria yote," alisema. "Maswali yako na majibu yangu."

"Vizuri."

"Sikujua habari za Elwood, Bi Erma. Naapa. Nyumbani hakutajwa hata siku moja."

Alimwamini, na kumwamini kulimkasirisha zaidi.

Lamar akaanza kumweleza, akitazama sakafu. Baba na mama yake walikuwa wakisema Kidachi usiku tu, chumbani, mlango umefungwa. Yeye alikuwa akikaa kwenye ngazi gizani kuwasikiliza. Siku moja aliwasikia wanacheka, wanacheka mpaka mama yake anakosa pumzi, na asubuhi akamuuliza baba yake walikuwa wanacheka nini. Akapigwa rula, ileile.

"Nina miaka sitini na mitatu," alisema, "na mpaka leo sijui walikuwa wanacheka nini. Nifundishe. Si kwa ajili ya chama, chama nimekiacha. Nifundishe chote, tangu mwanzo. Nitakuja kila siku."

Katika maisha yote ya Erma hakuna mtu aliyewahi kumwomba kitu hicho. Wanawe hawakuomba. Wale wa karamuni walitaka nyimbo mbili na sala, basi. Na huyu ulimi alikuwa nao. Mwaka mmoja, miaka miwili, angekuwa anakisema.

"Hapana," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unakitaka."

Akafunga mlango. Lamar alibaki barazani muda mrefu, Erma akiisikia sakafu ikilia chini ya viatu vyake, kisha gari likawashwa na kuondoka. Wapo hapa mjini wanaopenda kusimulia kwamba Erma alijuta. Hakujuta. Alikaa mezani akajimiminia kahawa, na ilikuwa tamu.

Alikufa miaka mitano baadaye, hospitalini, kwa kiharusi. Kiharusi kilimfuta Kiingereza chote kikamwachia kile cha kwanza, na kwa siku tatu nzima aliongea bila kukoma, akieleza jambo, akiuliza, akisubiri ajibiwe, akieleza tena. Binti yake akatuma mtu amlete Warren Bieber, akaambiwa Warren alizikwa Oktoba. Akauliza kama hakuna mwingine mjini anayejua, akaambiwa hayupo, wa mwisho alikuwa Warren. Basi wanawe wakaketi huku na huku kitandani, wamemshika mikono, na kila aliponyamaza kusubiri jibu wakawa wanamwambia ndiyo, mama, ndiyo.